Gharama ya Kusema Hadharani katika Mambo ya Mtaa na Kijiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaojiandaa kusimama katika baraza la chifu, katika kikao cha kaunti cha kukusanya maoni ya wananchi au katika mkutano mkuu wa kijiji, wakitaka kupinga jambo au kudai maelezo. Huulizwa pia na jamaa zao, ambao mara nyingi ndio wanaokosa usingizi. Majibu yanaegemea zaidi Kenya, na hasa kisa cha Owino Uhuru huko Mombasa, kwa kuwa kinajulikana vyema na kinaonyesha karibu kila aina ya gharama. Tanzania imepewa swali lake kwa sababu vyombo na sheria zake ni tofauti.

Gharama inayozungumziwa hapa ni ipi hasa?

Wengi wakisikia neno gharama hufikiria pingu, mahabusu na ada ya wakili. Hayo yapo, na yatajibiwa hapa chini, lakini kwa mtu wa kawaida gharama huanza mapema zaidi na kwa sura ambayo hata yeye mwenyewe huchukua muda kuitambua. Tuchukue mfano wa basari. Mzazi anayeomba msaada wa karo hutakiwa mara nyingi kurudisha fomu yenye sahihi na mhuri wa chifu au naibu wake. Ikiwa wiki iliyotangulia mzazi huyo alisimama barazani na kuuliza kwa nini kisima kilichotengewa fedha hakijachimbwa, fomu yake haikataliwi. Anaambiwa kwamba mhuri uko kwa naibu chifu, naibu yuko mkutanoni, arudi Jumatatu. Jumatatu anaambiwa arudi Alhamisi, na Alhamisi siku ya mwisho ya kupokea fomu imeshapita. Hakuna aliyemnyima chochote, hakuna uamuzi wa kukatia rufaa, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Chifu mwadilifu hafanyi hivyo, na machifu waadilifu wapo wengi. Hata hivyo, utaratibu unaomweka mtu mmoja kwenye mlango wa huduma nyingi humpa pia uwezo wa kumwadhibu mwenzake bila kuacha alama.

Baada ya hapo huja mengine ya namna hiyohiyo: mwenye duka anasitisha mkopo, mwenye nyumba anasema kwamba mwanawe anataka kuhamia chumba kile, msimamizi wa vibarua analiruka jina lako asubuhi. Ukiyatazama moja moja ni madogo. Yakikusanyika ndani ya miezi michache yanaweza kuihamisha familia nzima.

Kwa nini mjadala wa mtaani uwe mgumu hivyo, wakati mambo yake ni madogo kuliko ya kitaifa?

Wakosoaji wa serikali za kitaifa wamefungwa na wengine wameuawa, kwa hiyo haifai kusema kwamba wa mtaani huumia zaidi yao. Kinachotofautisha ni ukaribu. Anayemkosoa waziri gazetini hakutani na waziri kisimani. Anayeuliza juu ya fedha za zahanati ya kijiji anamuuliza mtu anayemfahamu tangu utotoni, ambaye huenda ni mweka hazina wa chama chao cha kufa na kuzikana, na ambaye watoto wao wanakalia dawati moja. Mkutano ukiisha, wote wawili wanarudi nyumbani kwa njia moja. Swali ambalo mjini lingehesabiwa kuwa swali tu, hapo huhesabiwa kuwa uadui, na uadui huo hurithiwa na watu ambao hawakuwapo mkutanoni.

Kilitokea nini Owino Uhuru?

Owino Uhuru ni makazi ya watu wapatao 3,000 katika eneo la Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, kikiwa kimepakana na nyumba za wakazi. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009 kushughulikia uhusiano na jamii, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti ilionyesha hatari, naye akashauri kiwanda kihamishwe. Badala yake akapewa majukumu mengine. Haukupita muda mrefu mwanawe mchanga akaugua ugonjwa usiosikia dawa. Madaktari walitafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, hadi kipimo cha damu kilipoonyesha kiwango kikubwa cha risasi, ambayo mtoto alikuwa ameipata kupitia maziwa ya mama yake.

Omido aliacha kazi. Alitafuta watoto wengine wa mtaa huo wapimwe, nao pia wakakutwa na risasi mwilini, na kuanzia hapo akawa anaandika barua kwa ofisi za serikali, anaitisha mikutano ya wakazi na kuongoza maandamano. Gharama yake ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa mshahara, nayo ilimfika wakati ana mtoto mgonjwa. Ya pili ilikuja mwaka 2012, alipokamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kesi ambayo baadaye mahakama ilimwondolea hatia. Mwaka huohuo watu wenye silaha walimvamia nje ya nyumba yake akiwa na mwanawe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo husimuliwa kwa nadra. Kiwanda kilichotia sumu ndicho kilichokuwa kikiajiri baadhi ya wakazi, kwa hiyo kila aliyedai kifungwe alikuwa anadai, mbele ya macho ya jirani yake, kwamba mshahara wa jirani huyo ukome. Wakazi waliozungumza walibeba mzigo huo bila tuzo na bila majina yao kuandikwa popote, na mimi naona kwamba hesabu ya gharama za Owino Uhuru isiyowataja ni pungufu.

Je, nitarajie kuitwa majina gani, na yana uzito wowote?

Yana uzito mkubwa, na ni vyema kuyajua mapema ili yasikushtue. Utaitwa mchochezi. Utaitwa mpinga maendeleo, hasa ikiwa mradi una barabara au ajira ndani yake. Utaambiwa umetumwa, na hili ndilo linalouma, kwa sababu linawapa watu ruhusa ya kutojibu hoja yako na kuanza kumtafuta aliyekutuma. Ikiwa uchaguzi uko karibu, utaambiwa unatafuta kiti. Neno uchochezi linahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa liko barazani kama tusi na liko mahakamani kama shtaka, na safari kutoka baraza hadi mahakama inaweza kuwa fupi.

Wanawake wanasema kwamba wao hulipa zaidi. Ni kweli?

Ni kweli, na ushahidi mmoja uko wazi katika historia ya Nairobi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wa kawaida wa jiji walipumzikia. Hoja yake ilikuwa juu ya ardhi ya umma na deni ambalo nchi ingebeba. Majibu aliyopewa bungeni yaligeukia talaka yake, na Rais Moi mwenyewe alisema kwamba kwa mila za Kiafrika mwanamke anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt, liliamriwa kuondoka katika jengo la serikali lilimokuwa na ofisi, naye akalazimika kuihamishia kazi yote nyumbani kwake. Jumba halikujengwa. Miaka 10 baadaye, Januari 1999, alipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura ambao ulikuwa ukigawiwa watu binafsi, alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani.

Mwanamke wa kijijini hukutana na jambo lilelile bila mwandishi wa habari karibu. Mwanamume akisimama huulizwa ametumwa na nani. Mwanamke huulizwa kwanza mumewe yuko wapi, na kama mume yupo, yeye ndiye anayefuatwa jioni na wazee ili amtulize mkewe.

Katiba ya Kenya inanilinda kiasi gani?

Kwa maandishi, inakulinda vizuri. Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, ya 35 inakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, ya 37 inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na ya 196 inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Katika mambo ya mazingira, ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Ukikamatwa, unapaswa kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo uishe nje ya saa za kazi za mahakama, ambapo husubiriwa siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala mahabusu hadi Jumatatu.

Pamoja na hayo, ni haki kusema wazi kwamba ulinzi wa katiba hufika baadaye kuliko madhara. Katiba itakuondolea shtaka la uchochezi baada ya miezi ya kufika mahakamani, nauli ya kila safari na siku za kazi zilizopotea. Haitairudisha nafasi ya kibarua iliyokwenda kwa mwingine. Na dhidi ya mwenye duka aliyesitisha mkopo haina la kusema kabisa.

Na Tanzania?

Chombo kikuu ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Anayesimama humo kudai asomewe taarifa ya mapato na matumizi hatakiwi kuomba radhi: anatekeleza kazi ambayo mkutano uliundwa kuifanya. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inamlinda pia katika kutoa maoni yake.

Gharama moja ya Tanzania inafaa kutajwa kwa jina. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48 pale inapoaminika kwamba anahatarisha amani au ametenda kosa linalostahili kukamatwa. Watu huiita kuwekwa ndani. Sheria inataka sababu ziandikwe na mtu afikishwe kwa hakimu au aachiwe muda huo ukiisha, lakini saa hizo zinatosha kumfundisha kila aliyehudhuria mkutano. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inafaa kuielewa vyema kabla ya kuitegemea: imelenga kumlinda anayepeleka taarifa za uhalifu au ufisadi kwa mamlaka husika kwa nia njema. Anayesimama mkutanoni na kumtaja mtu mbele ya wote anaweza kukuta kwamba yuko nje ya kivuli chake.

Ninaweza kushtakiwa kwa kashfa?

Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Februari 2017 kwamba kosa la jinai la kashfa chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ni kinyume cha Katiba. Kesi ya madai ya kashfa bado ipo, na mtu mwenye fedha anaweza kuifungua akijua kwamba atashindwa, mradi akulazimishe kulipa wakili. Afrika Kusini imepiga hatua hapa: mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikubali, katika kesi ya kampuni ya uchimbaji madini dhidi ya wanamazingira, kwamba kesi inayofunguliwa kwa lengo la kunyamazisha mjadala inaweza kupingwa kama matumizi mabaya ya mahakama. Ningependa kuona mahakama zetu zikienda njia hiyo.

Kinga iliyo mikononi mwako ni namna ya kusema. Pana umbali mkubwa kati ya kusema "mwakilishi wadi amekula fedha za zahanati" na kusema "bajeti ya mwaka jana ilitenga fedha za paa la zahanati, leo zahanati haina paa, tunaomba tuonyeshwe mkataba na malipo". Sentensi ya pili ni kali zaidi, na ni vigumu sana kuifungulia kesi. Tahadhari iwe kubwa zaidi katika makundi ya WhatsApp, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote zilitungwa zikiwa na vifungu kuhusu kusambaza taarifa za uongo. Sauti uliyoirekodi kwa hasira usiku hupelekwa kwa watu usiowajua kabla hujaamka.

Nijiandae vipi kabla ya siku yenyewe?

Jambo la kwanza ni kutokwenda peke yako, na hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Mtu mmoja akiuliza maswali manne, ni mkorofi. Watu wanne wakiuliza kila mmoja swali lake, kutoka koo na vitongoji tofauti, ni mkutano. Adhabu za chini kwa chini zilizoelezwa hapo juu hutegemea kuwapo kwa mtu mmoja anayeweza kutengwa. Zikilazimika kugawiwa watu wanne hupoteza nguvu, kwa sababu mwenye duka hawezi kuwapoteza wateja wanne kwa mpigo.

Pili, andika. Peleka hoja zako kwa maandishi kabla ya kikao, ukiwa na nakala mbili, na usiondoke mapokezini kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo itaonyesha baadaye kwamba uliuliza kwa utaratibu, jambo linalomsumbua sana anayetaka kukuita mchochezi. Nchini Kenya unaweza kuomba nyaraka chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21.

Tatu, panga mambo yako yanayotegemea hisani ya watu. Kama una fomu inayongoja mhuri, ishughulikie kabla. Kama una deni dukani, lipunguze. Mwachie mtu unayemwamini namba ya wakili au ya shirika la haki za binadamu lililo karibu nawe, kwa sababu ukikamatwa simu yako ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Familia yangu haitaki niseme. Je, nina haki ya kuwaingiza katika gharama hii?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sioni jibu moja linalofaa kila nyumba. Mke, mume na wazazi hulipa bila kupewa nafasi ya kusema, na mtoto hulipa bila kuelewa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wana haki ya kuambiwa mapema, kwa ukamilifu, na si kusikia kwa jirani kwamba mtu wao alisimama barazani. Mazungumzo hayo yakifanyika vizuri hutoa mipaka: labda utazungumzia maji na si ardhi ya ukoo, labda mwingine ndiye atakayesoma barua hadharani nawe utaiandika, labda watasema usubiri mtoto amalize mtihani. Mipaka hiyo iheshimiwe. Omido alianza kwa sababu mwanawe alikuwa tayari ameumia. Kwake kunyamaza pia kulikuwa na gharama iliyolazwa hospitalini. Familia inayopima uamuzi huu inapaswa kuziweka mezani gharama zote mbili.

Nikiamua kunyamaza, mimi ni mwoga?

Hapana. Mjane anayeishi katika kiwanja ambacho hati yake iko kwa shemeji zake hayuko sawa na mwalimu mstaafu mwenye pensheni na nyumba yake mwenyewe, na kumdai ujasiri uleule ni kumwonea. Nafikiri inafaa kuliuliza swali hili upande wa pili: wale ambao kusema hakutawagharimu sana, wenye kipato kisichotegemea ofisi ya mtaa, wanakaa safu gani mkutanoni, na wanafanya nini na mikono yao mwenyekiti anapouliza kama kuna mwenye swali?

Ushindi hurudisha kilichopotea?

Mara chache. Wakazi wa Owino Uhuru walipeleka kesi yao mahakamani mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu ya mwisho, na madhara ya risasi katika ubongo wa mtoto hayaondolewi kwa hukumu. Hata hivyo hukumu hiyo imewapa wakazi wa maeneo mengine ya Kenya kitu ambacho watu wa Owino Uhuru hawakuwa nacho walipoanza: uamuzi wa mahakama ya mwisho unaoonyesha kwamba taasisi za serikali zilizotoa vibali na kushindwa kusimamia kiwanda zinaweza kuwajibishwa pamoja na mwenye kiwanda.

Jirani yangu amesema, na sasa anatengwa. Mimi siwezi kusema. Nimsaidie vipi?

Mengi yako ndani ya uwezo wako. Endelea kumsalimia mahali ambapo watu wanaona. Endelea kununua kwake kama anauza, na kama ni fundi mpe kazi uliyokuwa umekusudia kumpa. Usichangie maneno anapozungumzwa, na ukiulizwa ulichosikia mkutanoni, sema kile alichosema kweli, kwa maneno yake, kwa sababu kufikia siku ya tatu maneno yake yatakuwa yamekwisha kubadilishwa. Ukiombwa kutoa ushahidi wa ulichokiona, toa. Kama ana kesi, muulize tarehe ya kutajwa kwake, na ukiweza nenda ukakae ndani ya chumba cha mahakama. Hakimu huona waliohudhuria, na wale waliomshtaki huona pia. Kama huwezi kwenda, wapokee watoto wake wakitoka shule siku hiyo na uwape chakula, maana kesi za namna hii huitwa asubuhi na kuahirishwa mchana, na mtu anayerudi kwa matatu kutoka mjini hufika nyumbani usiku umeshaingia.